Miti Kumi na Mmoja

Mwaka ule serikali ilipolipa kwa kila mti ung'olewao,
baba alitia saini juu ya meza ya jikoni,
na trekta likaingia bustanini asubuhi ya baridi.
Mitufaha mia mbili. Mizizi juu
kama miguu ya kuku sokoni.
Mama hakusema neno. Alikwenda akasimama
mbele ya safu ya mwisho, ile ya karibu na kijito,
ndoo ya maziwa mkononi,
mpaka dereva akazima injini, akavuta sigara, akaondoka.

"Kumi na mmoja si shamba," alisema baba.
"Hata mmoja ni kivuli," mama akamjibu,
akamfungulia lango ng'ombe wake, Pervenche.

Pervenche alikabwa na tufaha msimu uleule.
Shangazi Odile akakunja mkono wa blauzi hadi begani,
akauzamisha kooni mwa mnyama,
akalitoa tunda zima, jekundu, linachuruzika mate,
akalifuta kwenye aproni
akalila.

Leo funguo za lango ninazo mimi.
Nimepanda miche baina ya mizee,
shayiri katikati ya safu,
na nyasi nimewaachia kondoo thelathini.
Walikuwa thelathini na wanne.
Dawa ya shaba niliyopulizia ukungu wa majani
ilidondoka nyasini, wakaila,
macho yakawageuka manjano, mmoja baada ya mwingine.
Hakuna aliyekuwa ameniambia.
Na dume langu, Anatole, akiona gome changa hagusi nyasi:
miche sita usiku mmoja!
Sasa kila mche umevishwa waya,
kama mtoto aliyevalishwa sweta asiyoitaka.

Jirani Thibouville hupunguza mwendo akipita:
"Ghislaine, mshika mbili moja humponyoka."
Kweli. Mwaka wa jalidi maua yaliponyoka,
nikauza wanakondoo.
Mwaka wa mvua shayiri ililala ikaoza,
nikakamua matufaha.
Ndiyo maana nashika nne, Thibouville.

Baba ana miaka tisini.
Huja na fimbo hadi kijitoni, huihesabu:
"Kumi na mmoja," kila siku, kama anayeshangaa.
Miche mipya hajawahi kuihesabu.

Jana nilimkuta amepiga magoti kwenye tope,
anakaza waya uliolegea,
na Anatole anamnusa mifuko.