Sababu ya Kuacha Shule

Fomu ina mstari mmoja mfupi:
sababu ya kuacha shule kabla ya kuhitimu.
Chini yake, sahihi ya mzazi au mlezi.
Naijua fomu hii. Enzi zangu ilikuwa ya waridi,
nikaijaza neno moja, kazi,
kwa penseli ya kuazima kwa karani,
na kufika saa sita mchana nilikuwa kiwandani
nimebeba mbao za msonobari begani,
miaka kumi na sita, najiona mwanamume.

Sasa ni zamu ya Aili. Kumi na sita vilevile.
Chuo kimoja cha kusini, ng'ambo ya daraja,
mwendo wa saa kumi kwa gari theluji isipoanguka,
kimemwandikia: njoo Agosti, usingoje cheti,
kitanda kipo.
Mwalimu Sobczak alinipigia simu mwenyewe.
"Bwana Kangas, mimi nilimaliza kumfundisha Novemba.
Anakaa nyuma, nimemwachia dirisha.
Nikikosea ubaoni, ananisahihisha kwa macho,
kimya, asiniaibishe."

Lempi, mke wangu, alisema aende.
Jioni akasema asiende, nani atamkumbusha soksi?
Kesho yake akasema nisimuulize tena.

Na mtoto mwenyewe kachora safu mbili
nyuma ya kalenda ya duka la vipuri.
Kubaki: bendi, maana tarumbeta kubwa
haina mwingine wa kuipuliza;
Vieno na ahadi yao ya magauni;
uzee wa mbwa.
Kwenda: hisabati.
Akaifuta hisabati. Akaiandika tena. Akaifuta.
Karatasi imechakaa pale hadi mwanga unapenya.

Nyumbani kwetu kuacha shule kuna maana moja.
Kaka yangu Toivo aliacha. Mimi niliacha.
Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto
navyo vikaniacha mimi,
msumeno wa tatu, siku ya Ijumaa.
Nitalitamkaje neno lile lile
lisinuke vumbi la mbao?

Leo saa tisa usiku alishuka ngazi,
koti juu ya nguo za kulalia.
"Baba, nichukue."
Tukapanda lori la kusukuma theluji.
Baba mwingine angemwonyesha njia inavyofunguka mbele,
inavyojifunga nyuma, angesema, tazama mwanangu, maisha.
Mimi sikusema. Barabara ni barabara,
na theluji ya Februari haina hekima, ina uzito.
Nilimuuliza tu: ukibaki, mwaka mzima utafanya nini?
"Nitangoja."
Na ukienda?
"Nitaogopa."
Tukapita kanisa, tukapita mgodi uliofungwa,
hakuna aliyeongeza neno.

Kisha akaanza kuandika kwa kidole
kwenye ukungu wa kioo upande wake,
mabano, alama, mkia wa herufi nisiyoijua.
Akasita. Akacheka peke yake,
kicheko ambacho mezani kwetu
sijakisikia tangu aanze darasa la tisa.
Baridi ikaigandisha ile hesabu.
Kioo kile nakihitaji ili nione kioo cha pembeni.
Sikukifuta. Niliendesha nikichungulia katikati ya mabano.

Alfajiri, mbele ya duka la mikate,
nikasimamisha, nikaitoa fomu chini ya kiti.
Mahali pa sababu aliacha wazi.
"Andika wewe," akasema.
Neno ni lako, nikamjibu. Yangu ni sahihi.
Akachukua kalamu, akakwaruza, haikutoa kitu:
ililala garini, wino umeganda.
Nikaitia kwapani, chini ya mashati matatu.

Tukakaa hivyo, injini inanguruma,
yeye anautazama mkono wangu wa vidole vitatu
kana kwamba anauhesabu upya,
mimi nangoja wino uyeyuke.
Hakuniharakisha.