Kikohozi cha Zizi la Saba

Nilitundika sikio la chuma juu ya zizi la saba,
mita mbili kutoka sakafuni, panya wasipofika,
nikalivisha mfuko wa plastiki kwa sababu ya nzi.
Godelieve alinishikia ngazi.
"Litasikia nini nisichokisikia mimi?"
Kikohozi, mama. Kabla ya homa.
Akacheka kwa pua, akarudi kuchanganya shayiri.

Kule chuoni, Leuven, nilikaa miezi minne
na vikohozi elfu tatu masikioni,
kimoja kimoja, nikivibandika majina:
hiki cha vumbi, hiki cha pafu,
hiki si kikohozi, ni mlango,
hiki ni nguruwe amepiga chafya, akajishangaa.
Cha vumbi hukatika kama kijiti.
Cha pafu huvuta mkia.
Hata mezani kwa wazazi, baba akipaliwa na supu,
mimi kimoyomoyo: vumbi.

Kisha hesabu.
Kiumbe hai hakitulii, cha leo si cha jana,
cha adhuhuri si cha alfajiri,
basi na fomula haipewi usingizi:
kila dakika inakisia, inakosea, inajirudi,
na vikohozi vikizidi kipimo
feni zinafunguka zenyewe,
inaingia hewa ya Flandria na harufu yake
ya viazisukari vilivyong'olewa topeni.

Novemba, saa nane na dakika arobaini usiku,
simu ikatetemeka chini ya mto:
ZIZI LA SABA. PAFU. KUMI NA TISA.
Niliendesha gari ukunguni hadi ng'ambo ya Diksmuide
nikiwaza chanjo, nikiwaza karantini,
nikiwaza lori la machinjio likirudi nyumanyuma uani.

Nguruwe walikuwa wamelala
ubavu kwa ubavu, kama mikate tanurini.
Katikati yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Godelieve, ndani ya koti la marehemu Achiel,
mikono ya koti imevipita vidole.
Akakohoa.
Kile cha kuvuta mkia.
Juu yetu taa ya njano ikawaka,
feni zikaamka moja baada ya nyingine,
upepo ukamshukia shingoni.

"Kila usiku inanifanyia hivi," akasema.
"Nakohoa, inanifungulia dirisha.
Achiel naye alikuwa hivyohivyo,
tena bila kuamka sawasawa."

Wanawe wako Ghent na Antwerpen.
Kila Jumapili huwaambia kwenye simu:
ni koo tu, ni baridi, huyo ni mbwa.
Kuna mambo mawili hayafichiki,
na kikohozi ni kimojawapo;
yeye alikuwa ameyaleta yote mawili
kuyaficha kwa nguruwe.

Kulipokucha nilifungua jedwali.
Sauti isiyo ya mnyama hufutwa,
tuna kitufe chake,
na profesa wangu hupenda takwimu zilizonawa mikono.
Nikaweka kidole juu ya kitufe.
Nikatafuta kosa.
Ilipima pumzi, ikaikuta imechoka,
ikafungua hewa.
Nikatafuta tena.
Halafu, kwenye orodha yangu ya majina,
chini ya vumbi, chini ya pafu, chini ya mlango,
nikaandika: mjane.

Nilimpigia simu daktari
huku Godelieve amesimama nyuma yangu
ameshika ngazi, ingawa hakuna aliyekuwa akipanda.
Jumatatu, kwenye dirisha la mapokezi,
karani alimuuliza ni nani aliyemtuma.
"Nguruwe," akajibu,
akavua koti, akalikunja vizuri,
akaketi kusubiri zamu yake.