Rangi ya Deni

Guntars anataka nyekundu.
"Deni ni deni," asema, "livae rangi yake.
Mkurugenzi akiwasha kioo saa mbili asubuhi
lisimame lenyewe, lisingoje mkalimani."
Mkalimani ndiye mimi.
Kampuni ya joto ina mabomba kilomita mia na ushee
chini ya lami ya Daugavpils,
nami nalipwa kuyakunja yote
yaenee kiganjani mwa mtu mmoja mwenye haraka.

Nilianza na duara lenye mshale, kama la gari.
Nikalifuta. Fedha haiendi mwendo wa gari:
hukaa, huchacha, huvuja kwenye maungio.
Nikachora nguzo. Gesi, vipande vya mbao, mishahara,
riba ya mkopo wa boila mpya.
Januari, nguzo ya gesi ikatoboa paa la ukurasa.
Nikabana kipimo; mishahara ikageuka nyasi.
Nikalegeza; gesi ikapaa tena.
Uongo huanza hivyo, hakuna aliyedanganya:
unasogeza sifuri kidogo tu
na kichuguu kinaota theluji kileleni.

Wiki ya tatu nikaomba takwimu za kweli.
Zile za mfano zilikuwa na adabu mno.

Zikaja safu elfu kumi na moja,
majina yamefichwa,
namba za nyumba zimesahauliwa wazi.
Nikateremka polepole, kama mtu atafutaye soksi ya pili,
hadi Mtaa wa Misonobari, jengo la tisa, nyumba ya arobaini na moja.
Kidole kikaganda.
Mlango ule una ngozi bandia ya kahawia
na kengele isiyolia usipoibonyeza kwa gumba.
Ndani, Bi Leontīne alinifundisha akodioni
akiwa na glavu zilizokatwa vidole,
Aprili, joto likishafungwa.
Miezi minne. Yuro mia tatu na kumi na mbili.
Kwenye mchoro wangu hakufika hata nukta.
Nilikuza, nikakuza tena,
nguzo nyekundu ikajaa kioo kizima
naye hakuonekana ndani yake.

Deni si langu, siwezi kulisamehe.
Niliwaandikia wenye takwimu wazifiche namba,
nikajitengenezea chai, ikapoa.
Kisha nikachora mstari ambao hakuna aliyeuagiza:
baridi ya nje, siku kwa siku,
kijivu, mwembamba,
ukipita nyuma ya nguzo za madeni.

Siku ya bodi, Guntars akanigeukia.
"Na huu uzi?"
"Baridi. Hapa zilifika nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri."
Mama mmoja, mdomo umejaa biskuti,
akasogea karibu na ukuta.
"Mbona deni linaifuata baridi wiki sita nyuma?"
Nikasema: bili huchukua mwezi kufika.
"Na hizo wiki mbili?"
"Za aibu."

Projekta ilivuma peke yake.
Guntars akasema uondolewe, unachanganya watu.
Baada ya kahawa akasema ubaki,
ila uwe mwembamba zaidi.

Upo. Unene wake pikseli moja.
Nyekundu yake pia aliipata, nyekundu ya nyama ya duka.

Jana nilipita Mtaa wa Misonobari.
Theluji ilikuwa ya siku tatu, imekanyagwa, ina rangi ya majivu.
Ghorofa ya nne, dirisha lake wazi kiasi cha kiganja,
maana radieta za kale hazina pa kuzipunguzia:
ama zikuchemshe, ama zife.
Hewa juu ya kizingiti ilikuwa ikitetemeka.
Joto lake lilikuwa likitoka,
lile ambalo hajalilipa,
likipanda kupita antena na kunguru.
Nilisimama pale na mfuko wa viazi,
nikilitafutia safu.