Leseni Imekwenda Manyoni

Kompyuta tatu, ufunguo mmoja.
Ungekuwa wa chuma tungeuchongesha Majengo kwa buku mbili.
Huu ni ruhusa tu, haushikiki,
na tangu alfajiri umo mkobani mwa Bwana Chilongani,
na mkoba uko Manyoni.

Nabonyeza. Ramani haifunguki.
Kidirisha kinanijibu kwa adabu ya karani wa benki:
Leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine.
Najua. Hiyo nyingine naijua hata mikwaruzo yake.
Nampigia bosi: jitoe, nasi tuingie.
"Nijitoeje, Mbeleje, huku mtandao hakuna?
Kutoka nako kunataka intaneti."

Benchini amekaa mama Perisi wa Nala.
Alikuja Jumatatu. Leo Alhamisi
kaja na mfuko wa zabibu, zetu, anasema,
mkipata nafasi.
Kiwanja chake, ishirini kwa thelathini, kimo humu ndani.
Nilikipima mwenyewe, jua la Nala likinila kisogo;
mawe manne ya mpaka,
la tatu ng'ombe walikuwa wameliangusha.
Leo kazi ya mikono yangu naichungulia
kama mpangaji aliyefungiwa vyombo.

Nhonya, kijana wa mafunzo, ananong'ona:
"Dada, Sabasaba kuna jamaa anaipasua kwa elfu kumi."
Ya kupasuliwa tulishaijaribu.
Iliingia na wadudu wake, ikatafuna michoro yote ya Ihumwa,
tukarudi vumbini na futi kamba kupima upya.

Tena, niseme kweli,
mtu akisogeza jiwe usiku apate hatua mbili
mimi ndiye wa kwanza kumwita mwizi.
Basi mwenye programu naye ana mawe yake.
Ila mawe gani haya yanayosafiri na basi?
Tumelipa! Risiti ile pale ukutani,
miezi miwili ofisi nzima ilikunywa chai kavu
kwa ajili ya karatasi ile.

Saa tisa na robo simu inalia.
Bosi kapanda kilima, kapata mnara, katoka.
Sijui nimefikaje kitini.
Nabonyeza.

Leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine.

Nageuka taratibu.
Ezekia, meza ya dirishani, hanitazami usoni.
"Dakika tano tu, dada. Nina watu wa Hombolo."

Mama Perisi anatutazama, mmoja mmoja,
kisha anafungua mfuko
na kuanza kula zabibu zetu.