Nukta KBL

Diski ilitoka Igogo ndani ya mfuko wa unga,
imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.
Kiwanda chenyewe kilishakufa. Juu ya paa lake
korongo wenye vipara wamesimama
kama wakaguzi waliocheleweshewa posho.

Faili ni moja. Mishahara, nukta, kbl.

Kbl?
Kompyuta mpya iliguna. Ikaniuliza nifungue kwa kutumia nini,
ikashusha programu zote kama muuza viatu wa Makoroboi
anayemwaga jozi sakafuni na hakuna inayoingia.
Katika lugha hii neno halilali nje:
daima kuna irabu ya kulipokea mlangoni.
Hili lilibaki barazani, meno matatu bila ulimi.

Nikaivuta ile mashine ya chini ya meza,
nikaipangusa vidudu vya ziwani vilivyokaukia kwenye kioo.
Skrini ya buluu. Haijui kipanya.
Ndani yake kuna chombo tulichofundishiwa programu
enzi ambazo ada yangu ilitoka kwenye pamba ya Magu.
Nacho kikatafuta majina kinayoyajua tu,
dbf, dbf,
kikasema hapa hamna kitu.

Hamna kitu! Na faili nililiona,
limekaa palepale na kilobaiti zake mia nane.

Ndipo nikaacha kuuliza ukoo.
Nikaandika nyota, nukta, nyota,
yaani yeyote, wa popote, apite.
Likapita. Likafika katikati ya skrini
likadai nywila.

Bi Nkwimba alikuwa kwenye benchi tangu Jumatatu.
Hushuka mawe ya Mabatini kwa goti moja zima,
stakabadhi moja mkononi, ya mwaka wa tisini na saba, imefutika kati.
Miaka kumi na moja alipasua sangara zamu ya usiku,
na mfuko wa pensheni unataka ushahidi.

Nikamuuliza, nani alitunza hesabu?
Lugendo. Alivuka kwenda Ukerewe, akazikwa huko.
Na hizi herufi, k, b, l?
Nilizichora kwenye karatasi. Hakuzitazama sana.
«Si Kabula huyo? Bintiye.
Akitoka shule alikaa chini ya meza ya baba yake
anakula karanga, maganda anayasukumia kwenye tundu la diski.
Tulicheka mpaka msimamizi akatukata saa.»

Nikaandika kabula.

A, u, a.
Mlio mdogo, kama mfupa unaotoka kooni,
kisha safu zikaanza kushuka, watu mia nne na kitu,
kila mmoja amepewa nafasi ya herufi kumi, si zaidi.
Lugendo alibana matumizi.
Kuna BUGUMBA LU. Kuna SHIJA NG'WA.
Nikafika kwake, nikamsomea:
NKWIMBA MA

«Masalu,» akasema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa darasani.
«Hesabu miezi.»

Nikahesabu. Mia moja thelathini na moja.
«Umeruka.»
Nikarudia kwa kidole juu ya kioo.
Mia moja thelathini na moja, mama.

Akakunja stakabadhi, akaikunjua.
«Basi ni ile Desemba. Mashine iliharibika,
tukalipwa mkononi, dirishani, mvua inanyesha.
Andika hapo pembeni.»

Faili halina pembeni.
Nikachukua kalamu.