Akiba ya Mshono

Mama alishona makoti ya watoto kule Forssa,
na kila pindo aliliachia vidole viwili vya kitambaa,
vimekunjwa ndani, havionwi na mtu.
"Mtoto hakui kwa ruhusa yako," alisema,
uzi ungali kati ya meno.
Alipokufa nilirithi mkasi na maneno hayo.

Sasa ni Januari, Turku, saa kumi alasiri,
na giza limeshakaa kwenye madirisha.
Ghorofa ya tatu, mashine ya eksirei inanguruma kama jokofu kuukuu,
na ndani yake linazunguka polepole
fuvu la panya nambari mia nne kumi na saba,
si kubwa kuliko kokwa ya tende.

Husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Aliyesema hakuwa amekishika kichwa cha kichanga.
Pale, ufa ndio nyumba.
Mifupa huzaliwa haijakutana,
kama majirani wanaosalimiana kwa mbali,
na katikati yao ukanda laini wa chembe zinazongoja,
zinazotoa mfupa kidogo kidogo, kwa masharti,
kila ubongo unapobisha hodi.

Ukizibwa mapema, ubongo hauachi kubisha.
Hutafuta upande mwingine.
Kichwa hurefuka, paji hutuna,
macho husukumwa mbele kama watu kwenye foleni.

Jumanne tulipokea kichupa kutoka chumba cha upasuaji:
kipande cha mfupa, upana wa ukucha,
cha mtoto wa miezi saba.
Jina hatupewi. Ni sheria, na ni sheria njema.
Nilikikwangua. Nikazilaza chembe
kwenye sahani ya majimaji ya rangi ya waridi,
na baada ya siku chache nikazikuta zinajenga,
zinajenga tu,
kama fundi ambaye hakuambiwa
kwamba mwenye nyumba amehama.

Jana, kwenye lifti, mwanamume mwenye buti za udereva wa lori
alimpakata mtoto aliyevimba uso,
kofia ya sufi yenye masikio ya dubu,
bendeji ikichungulia chini yake.
Mtoto alinitazama kama hakimu.
"Veikka," baba alisema, kana kwamba nimeuliza.
"Wamempasua kutoka sikio hadi sikio. Leo amekula viazi."
Nikasema, vizuri.
Nikasema, viazi ni vizuri.
Nikashuka ghorofa ya tatu na mikono yangu mfukoni,
mikono ambayo labda,
labda siyo.

Panya walikuwa tisa, wote wamezaliwa wamefunga.
Tuliwachonga ufa mpya,
tukaujaza jeli yenye chembe zinazongoja
tulizoazima kwa ndugu zao wazima,
kisha tukasubiri wiki sita.
Swali letu lilikuwa la kishonaji:
je, akiba inaweza kurudishwa kwenye vazi
lililokwisha kushonwa likabana?

Nimewaandika mmoja mmoja.
Amefunga. Amefunga. Amefunga.
Wa nne alikufa Desemba; kwake niliweka mstari.
Amefunga. Amefunga. Amefunga. Amefunga.

Na sasa huyu.
Nageuza picha tabaka kwa tabaka,
mfupa mweupe, mfupa mweupe,
halafu, katikati, mstari mweusi
mwembamba kama uzi kati ya meno.

Nimepima mara tatu.
Sehemu tatu za kumi za milimita.
Inaweza kuwa kosa la mashine.
Inaweza kuwa panya mkaidi, basi.
Profesa Sundqvist atavua miwani, atasema,
mmoja si habari, Hilja, rudia,
na atakuwa na haki, nami nitarudia,
panya tisa wengine, wiki sita nyingine,
na huko wodini Veikka atakuwa ameota jino.

Basi langu limeshaondoka; nimeliona taa zake
zikivuka daraja.
Nasogeza kiti.
Napima mara ya nne.