Migebuka ya Restituta

Kilomita elfu moja na mia na ushee
Probox ya Fulgence imezimeza bila kulalamika,
mlango wa nyuma ukifunguliwa kwa nje tu,
redio ikizidaka kwaya za mbali na kuziachia.

Tumelala Makambako, watatu, koti moja.
Kitonga tumeteremka kwa gia ya pili
nyuma ya lori la mbao lililonuka breki.
Ruaha Mbuyuni Osmunda akanunua vitunguu
kana kwamba mjini hawajui vitunguu.
Mikumi nyani wakatukagua kuliko trafiki.
Trafiki naye, pale Doma, akanusa dirishani:
"Mmebeba nini humu?"
"Migebuka, afande. Ya bibi harusi."
Akarudi nyuma hatua mbili, akatupungia: nendeni.

Na sasa nchi nzima imekwisha,
imebaki Kimara.

Kimara, saa mbili usiku,
taa nyekundu za magari zimepangana hadi Ubungo
kama rozari ya mwenye dhambi nyingi.
Gauni langu la kitenge cha kamati linaning'inia dirishani,
limekunywa vumbi la mikoa saba.
Kijana anapita na karanga, na maji, na chaja,
na picha ya maporomoko ndani ya fremu ya dhahabu.
Fulgence amezima injini kuokoa mafuta.
Joto linaingia bila hodi. Sisi watu wa baridi
tunavua masweta, moja chini ya jingine.

Simu: ukumbini, Tabata.
Vigelegele vinakatika-katika.
MC anasema, Osmunda ameweka spika,
"Wale wa Sumbawanga wako getini, wapigieni makofi!"
Ukumbi unapiga makofi.
Getini? Sisi hata Ubungo hatujaiona.
Tukapiga makofi pia, ndani ya gari, tufanyeje.

Tulikuwa na ahadi, Restituta na mimi,
chuoni, kitanda cha juu na cha chini,
baridi ya Juni ikipenya kwenye kioo kilichopasuka:
atakayetangulia kuolewa, mwenzake atashika maua.
Yeye alisema kwa mzaha. Mimi sikusema kwa mzaha.
Miaka kumi na mmoja nimeitunza
kama risiti ya duka lililokwisha kufungwa.

Saa tatu na nusu: keki imekatwa.
Saa nne: maua ameshika wifi yake.
Osmunda ananipa tishu bila kugeuka.

Tumefika saa sita na dakika tano.
Mwenye ukumbi kazima taa, anahesabu viti kwa tochi,
mapambo yameshushwa, yanakunjwa kama shuka za wodini.
Bwana harusi, Elirehema, tai mfukoni,
anabishana na mtu wa muziki juu ya salio.

Na yeye yuko ngazini,
shela limepandishwa magotini, kanga kiunoni,
viatu mkononi, miguu imevimba,
amekaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.
Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Laela.
Yamebaki Laela.
"Pole na safari," ananiambia, yeye, ananiambia mimi,
kisha pua yake inageuka kuelekea kwenye Probox.
"Mmeleta?"
"Tumeleta."
"Tangu jioni nalishwa keki kwa uma," anasema.
"Nina njaa ya kwetu."

Mama lishe wa ng'ambo ya barabara alikuwa anazima jiko.
Tukamwomba asizime.
Vitunguu vya Osmunda vikapata kazi.
Tulikula kwa mikono, mchuzi ukadondokea weupe ule,
akalitazama doa, akacheka, hakulifuta.

Maua alikuwa nayo, chini ya benchi, yamesinyaa.
"Shika," akasema, akiutafuta mwiba kwa ulimi,
"ninawe mikono."

Nikashika.